Vazi la Ujana la Mzee

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Bi Ndoo, mfagizi wa nyumba ya maonyesho ya viumbe vya bahari, alikuta michirizi myeupe imekaukia kwenye korido na ndoo yake nyekundu haipo. Mkurugenzi, mtu wa kuingia saa tatu, alikuwa keshasimama mlangoni pa ofisi yake.

"Leo usipige deki humu," alisema, akajifungia.

Saa moja na dakika kumi, mtunzaji wa wanyama alipiga ukelele. Bwawani hakukuwa na Mzee, yule kaa kwato aliyewastaajabisha watoto wa shule wote. Lilikuwepo gamba tu, umbo la kwato ya farasi na mkia kama msumari mrefu. Ndani tupu.

Polisi walipofika, mkurugenzi alikuwa na jibu tayari. "Huyu mama amemwaga dawa ya sakafu bwawani. Nyama imeyeyuka. Afande, mchukue. Hapa hana kazi tena."

Bi Ndoo aliingiwa na hofu. Miaka kumi na miwili hajavunja hata glasi, leo aitwe muuaji!

Mpelelezi, mwanamke mfupi asiye na papara, alimgeukia mlinzi wa getini. "Mbona viatu vyako vimelowa?"

"Nimetoka kuosha pikipiki, afande! Jana jioni niliwaacha humu mkurugenzi na wageni wake, basi."

"Na wewe, mtunzaji?"

"Jana sikuwa zamu. Nilikuwa kwa binti yangu."

"Mnyama ana macho kumi," mpelelezi aliguna, "na hakuna hata moja la kunipa ushahidi."

Wakati wakibishana, Bi Ndoo alikuwa amepiga magoti, anaitazama miguu ya lile gamba. Hofu ikamtoka.

"Afande, naomba kusema."

"Utasemea kituoni," mkurugenzi alidakia.

"Sema, mama," mpelelezi alisema.

"Hapa hakuna nyama iliyoyeyuka. Ona ukingo wa mbele ulivyopasuka. Kaa kwato akikua hutokea hapo, analiacha gamba zima kama mtu avuaye kanzu."

"Basi kajivua, katoroka!" Mkurugenzi alicheka peke yake.

"Mzee ni dume lililokomaa, havui tena. Na dume likikomaa, miguu ya mbele huota ngumi kama za bondia, za kumshikia jike. Hii ni miembamba, ya kijana. Ni vazi lake mwenyewe, alilivua miaka minane iliyopita. Nalipangusa vumbi kila Ijumaa kwenye lile kabati la vioo la maonyesho."

Mtunzaji alishika kichwa. "Kweli kabisa! Na funguo za kabati ninazo mimi na mkurugenzi tu."

"Kwenye korido kuna chumvi, afande," Bi Ndoo aliendelea. "Maji ya bomba hayaachi weupe ule. Inaishia kwenye mlango wa ofisi ambayo leo nimekatazwa kuipiga deki."

Mlango ulifunguliwa. Nyuma ya meza, ndani ya ndoo nyekundu, Mzee alikuwa hai chini ya kitambaa chenye madoa ya buluu ya damu yake, matamvua yake ya kupumulia yakifunuka taratibu kama kurasa za kitabu. Mkia ulikuwa umekatika.

"Wageni walitaka picha," mkurugenzi alisema, macho chini. "Nikamwinua kwa mkia. Na kibao cha kukataza hivyo nimekiandika mimi! Ningeuweka wapi uso wangu? Nilipanga leo jioni nikamwachie baharini."

"Ukaona bora uchafuke uso wa mama huyu," mpelelezi alisema, akafungua daftari.

Mtunzaji alimrudisha Mzee majini kwa mikono miwili. "Bi Ndoo, haya yote umejifunza wapi?"

"Kwako. Ulidhani ukiwaeleza watoto mimi nasikiliza dekio?"

Saa nne wanafunzi waliingia. Mtunzaji alimkabidhi Bi Ndoo kijiti chake cha kuelekezea. Alieleza macho, ngumi na damu ya buluu bila kukwama, kifua mbele.

"Wewe ndiye daktari wake?" mtoto mmoja aliuliza.

"Mimi ni mfagizi," alijibu, kwa sauti ya kufika hadi ofisini, mkurugenzi alikokuwa bado anaandikisha maelezo.