Maboga ya Dukani

Nyumbani kwa Abram na Erna Dueck, kusini mwa jimbo la Manitoba, Kanada, hakuna aliyegusa chakula kabla Abram hajaomba. Ndivyo walivyolelewa, na ndivyo walivyowalea watoto wao, ambao sasa wana nyumba zao. Lakini mwezi wa Agosti mvua ya mawe ilipiga ngano yao kwa robo saa, yakabaki mabua matupu. Tangu siku hiyo Abram akawa anakaa mezani, anachukua uma, anakula bila kuomba.

"Hatuombi?" Erna alimwuliza.

"Omba wewe. Mimi sina la kumwambia."

Erna akaomba peke yake, harakaharaka, chakula kisipoe. Aliogopa. Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini, na hakuwahi kumwona mumewe akimnunia Mungu.

Ikafika Oktoba, na Jumapili ya shukrani ya mavuno. Siku hiyo kila familia hupanga mazao yake mbele ya kanisa.

"Mimi siendi," Abram akasema. "Nikapange nini pale? Mabua?"

Erna aliona kwamba mumewe akikosa siku hiyo, huenda asirudi kanisani tena. Jumamosi akaenda mjini, akanunua maboga mawili makubwa. Alikuwa jikoni akibandua vibandiko vya duka kwenye maboga kwa maji moto, jirani yao Tina Giesbrecht alipoingia bila kubisha, kama kawaida yake. Tina ndiye aliyemfundisha Erna shule ya Jumapili utotoni, na macho yake yalikuwa hayajachoka.

"Hee! Maboga yamesafiri kutoka California kuja kumshukuru Mungu hapa kwetu?"

Uso wa Erna ukaiva kwa aibu. "Shangazi Tina, usinicheke. Nitaweka nini pale mbele?"

"Kwani Mungu hakuiona ile mvua? Unataka kumdanganya nani?"

"Majirani," Erna akasema, akaanza kulia.

Tina hakuwa mtu wa kubembeleza. Akavuta kiti, akaketi.

"Sikiliza, mwanangu. Shukrani si maonyesho ya kilimo. Wala Mungu hakuagizi uifurahie mvua ya mawe. Mwambie imekuuma. Hiyo nayo ni sala. Halafu tafuta kitu kimoja cha kweli, hata kiwe kidogo, umshukuru kwa hicho. Kesho tafuta kingine. Furaha haiji siku moja, lakini huja."

Abram alikuwa amesimama mlangoni, na hawakujua amefika saa ngapi.

"Kumbe naruhusiwa kumwambia nimekasirika?" akauliza.

"Watu wamemwambia makali zaidi ya hayo, na hajawafukuza," Tina akajibu.

Abram akatoka nje. Kupitia dirishani Erna alimwona akichukua jembe-uma na kwenda bustanini. Majani ya viazi yalipondwa siku ileile ya mvua, na hakuna aliyejisumbua kuchimba. Abram alirudi na nusu ndoo. Vilikuwa viazi vidogo, vingine kama yai la kuku.

"Mawe hayakuvifikia," akasema. "Kesho tunakwenda na hivi."

Jumapili viazi vikawekwa mbele, katikati ya kabichi na miganda ya wenzao. Mchungaji akawakaribisha wenye sala ya shukrani. Wawili watatu wakaomba. Kisha Abram akasimama, na Erna akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

"Bwana," Abram akaanza. Akakohoa. "Ile mvua iliniuma, na hasira bado ninayo. Wewe unajua. Asante kwa viazi. Asante kwa Erna. Ameomba peke yake miezi miwili. Kuanzia leo tuko wawili."

Erna alisema amina kabla ya mchungaji.