Mshika Mikoba wa Homa Bay

Siku Nyarangi alipomwona Joash mara ya kwanza, alikuwa amebanwa haja. Ilikuwa fainali ya kandanda mjini Migori, naye, katika gauni la manjano lililomkaa vyema, alikuwa akirukaruka kwenye foleni ya vyoo vya wanawake. Vibanda hivyo vya turubai alivijenga Joash.

"Madam, ukimaliza usimwage maji. Mwaga makapi ya miwa, yatakuwa mbolea."

"Niingie kwanza, mwalimu, somo baadaye!"

Ndani aliuma mkoba kwa meno, akachuchumaa. Choo hakikunuka hata kidogo. Na kijana, alipomtazama vizuri akitoka, alikuwa mtanashati. Wakapeana namba.

Mapenzi yakanoga, ila Joash aliishi Homa Bay, na Nyarangi alikuwa na wivu usiolala. Jumamosi moja, siku ya tamasha la muziki ufukoni, alivaa kitenge kipya akaenda bila kumwambia. Akamwona kando ya vyoo vyake, mkoba mwekundu wa kike begani. Moyo ukamlipuka. Akajificha nyuma ya kibanda cha soda, akapiga simu.

"Uko wapi, babe?"

"Kazini, jaber wangu, mrembo wangu."

"Umeshika nini?"

"Mkoba."

"Wa nani?"

"Simjui jina."

"Joash! Unabeba mkoba wa mwanamke hata jina humjui?" Akajitokeza, simu ingali sikioni.

Mlango ukafunguka, akatoka mrembo wa kutisha. "Mimi ni Benta," akasema. "Mkoba wangu kwanza, kisha mgombane."

"Huko ndani hakuna pa kuuweka," Joash akajitetea. "Chini ni makapi. Wananipa mimi mchana kutwa."

"Na hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Niseme, 'Babe, leo nimeshika mikoba ya wasichana wote wa Homa Bay'?"

Nyarangi akakumbuka alivyouma mkoba wake kule Migori. Hasira ikapungua, wivu ukabaki palepale.

"Piga msumari wa kutundikia kwenye nguzo ya kila kibanda, leo hii. Mkoba utakaoushika ni wangu peke yake."

"Hiyo ni amri ya mke, Nyarangi."

"Basi njoo kwetu uongee na baba, iwe halali."

"Nitakuja," Joash akasema.

Foleni nzima ikapiga vigelegele, Benta akiwashinda wote. Nyarangi, machozi ya furaha yakimlenga, akamkata jicho.

"Wewe unashangilia nini? Chukua mkoba wako uende!"