Atakuwepo Mwenyewe

Kigoda kilikuwa kimelowa. Faustin alikikuta hivyo Jumamosi mchana alipofungua ghala kabla ya onyesho la kwanza, na kwa kuwa ni mtu wa kulaumu kwanza na kuchunguza baadaye, akalilaumu paa. Lakini mvua haikuwa imenyesha mtaani Pasua kwa wiki tatu, na ufunguo wa ghala ulikuwa mmoja tu, nao ulining'inia shingoni mwake. Akapitisha kiganja juu ya kigoda, akanusa. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Akajifuta kwenye suruali yake ya bugaluu, aliyoipenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu, akaendelea kupanga mabenchi.

Huyu Faustin alijiita Mkurugenzi wa Burudani. Hakuna aliyemuuliza anaongoza nini. Mali yake ilikuwa baiskeli, kipaza sauti cha betri, na mdomo, na kati ya hivyo vitatu mdomo ndio uliokuwa mkubwa. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia watazamaji watu wenye vipaji wasio na wa kuwatazama. Na aliwapata, hilo siwezi kumnyima. Aliwapata kwa uongo. Mpiga gitaa wa Sanya Juu, ambaye hajawahi kuvuka Arusha, alitangazwa kuwa kashuka jana kutoka Kongo. Kwaya iliyokosana na mchungaji wake ikawa kwaya iliyoimba mbele ya mfalme. Watu walijaa, wakagundua, wakatukana, na wiki iliyofuata wakarudi wale wale na matusi yao. Ndiyo maana Faustin aliwadharau. "Mtu haji kuona kitu," alizoea kusema. "Anakuja kuona alichoambiwa."

Safari hii alimpata mjinga wa aina nyingine. Aminieli alikuwa mwalimu wa shule huko Old Moshi, mpole kiasi cha kuudhi. Kwa miaka minne alimpiga picha bibi yake, Aikande, akipika mbege, kwa kamera kuukuu aliyoachiwa na daktari wa misheni. Ilitoka filamu ya dakika arobaini, isiyo na sauti, nakala moja tu duniani. Bibi Aikande alikuwa mpikaji ambaye wazee walipanda na kushuka mabonde matatu kwa ajili ya kata yake moja ya mbege, na akiwa anaumwa alimwomba mjukuu wake jambo moja: watu waione kazi ya mikono yangu. Akafa mwezi wa pili mwaka 1977, kabla hata jirani hajaiona. Wakamzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, kati ya migomba yake. Aminieli akabaki na reli mbili za filamu na ahadi.

Alizunguka na ahadi hiyo miezi mitatu. Majumba ya sinema mjini yalitaka filamu za ngumi. Ofisini kwa afisa utamaduni wakamwambia filamu ya pombe haijengi taifa. Ndipo mtu akamwelekeza kwa Faustin, na Faustin akaitazama filamu nusu, akapiga miayo mara mbili, akasema inawezekana.

Siku iliyofuata Aminieli aliisikia sauti yake ikitokea upande wa soko: "Jumamosi, saa tisa, ghalani Pasua! Malkia wa mbege, Bibi Aikande wa Old Moshi! Atakuwepo mwenyewe! Ataketi mbele yenu!"

Aliikimbilia baiskeli hadi akaikamata nyuma.

"Kaka Faustin, bibi amefariki. Nilikuambia."

"Uliniambia wewe. Pasua nani kaambiwa?"

"Marehemu haitwi hivyo. Ukimwita kwa jina, unamwagia kata yake kwanza. Ukimpa na kiti, ndiyo umemkaribisha kabisa. Unayajua haya, na wewe ni wa mlimani."

"Nayajua. Ndiyo maana nilihama." Faustin akatengeneza kola yake. "Sikiliza, mwalimu. Unataka watu au unataka heshima? Nitaweka kiti kitupu mbele, tutasema bibi kachelewa njiani. Nyumbani kwake hakuna kitu cha kuonyesha? Kigoda chake, kwa mfano?"

Aminieli alitaka watu. Aliwataka vibaya sana. Akaleta kigoda, kile kile ambacho Bibi Aikande amekikalia katika filamu nzima, na kwa siku tatu jina lake likapigiwa kelele kila kona bila tone la mbege kugusa ardhi.

Jumamosi hiyo walikuja watu sitini. Madirisha yalizibwa kwa magunia, mchana ukabaki nje, na projekta ikaanza kuguruma. Kwa dakika kumi mambo yalikuwa mazuri. Aminieli alisimama kando ya shuka jeupe akieleza kwa sauti: hizi ni ndizi mbivu, hapa zinachemshwa, huu ni ulezi ulioota, hili ni gome la mti wa msesewa la kutia uchungu. Mama mmoja muuza dagaa akasema, "Huyu bibi ana mikono safi," na Aminieli nusura alie kwa furaha.

Kisha kwenye shuka Bibi Aikande akavuta kigoda karibu na mtungi, na ghalani ikasikika sauti ya kigoda kikivutwa juu ya saruji.

Watu wakacheka. Walidhani ni ufundi. Lakini bibi alipokuwa ameshaketi pale shukani na kutulia, kigoda cha ghalani kiliendelea, krrr, kikanyamaza, krrr, kikisogea mbele kidogo kidogo kama afanyavyo mzee asiyeona vizuri, na ikaja harufu ya mbege changa, halafu ya moshi wa kuni, halafu, chini ya hizo mbili, harufu ya udongo mbichi uliochimbwa chini ya migomba, na mama muuza dagaa aliyekuwa benchi la mbele akanong'ona, "Jamani, kuna mtu ananipumulia magotini," na kufikia hapo wote walikuwa wameshaona kwamba kile kiti kitupu, katika mwanga wa projekta, kilikuwa na kivuli cha mtu aliyekaa.

Walitoka kwa mlango mmoja watu sitini. Viatu vilibaki. Wale waliotoka mikoa mingine kufanya kazi viwandani walisema ni jini. Wale wa mlimani waliinamisha vichwa wakaenda zao, kesho yake kanisani wakaimba kwa nguvu kuliko kawaida.

Na Faustin? Mtu mwenye akili timamu angefunga ghala na kutupa ufunguo. Faustin alirudi kwenye baiskeli yake usoni kumejaa furaha, maana aliyeudanganya mji kwa miaka sita hatimaye alikuwa na kitu cha kweli cha kutangaza. "Nilisema atakuwepo, akawepo!" Jumapili walikuja mia mbili. Wakakimbia tena, wakalipenda onyesho zaidi. Aminieli aliyatazama mabenchi yaliyopinduka, akagundua kwamba katika watu mia mbili na sitini hakuna hata mmoja aliyeiona filamu hadi mwisho.

Jioni alipanda kwa shangazi yake, Martha, binti wa Bibi Aikande, mwanamke mkavu, mzee wa kanisa, asiyependa maneno.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa. Nimeshasikia." Alikuwa akimenya ndizi, hakuacha. "Mama hana ubaya. Ameitwa, amekuja, amekaa. Mgeni huyo anangoja alichoitiwa."

"Tufanyeje?"

"Nitapika, kama alivyopika yeye. Siku saba. Tutamwaga kihambani, na yule mwenye mdomo atakuja na jani la isale mkononi aombe radhi. Isale likiletwa halikataliwi, hata na marehemu. Mwambie angoje."

Faustin alipoambiwa angoje siku saba alicheka hadi akakohoa. "Siku saba watu watakuwa wamesahau! Kuomba radhi, jani la isale, mbege ya mzimu... mwalimu, hilo ndilo onyesho lenyewe!" Na reli za filamu zilikuwa ndani ya ghala, na ufunguo shingoni mwake. Jumatatu akatangaza. Jumatano, saa tisa. Njooni muone mzimu ukinyweshwa.

Mbege akaitengeneza mwenyewe usiku mmoja. Ulezi mwaka ule ulikuwa adimu, akatumia unga wa mahindi. Ndizi akaziponda mbichi, akatia sukari na hamira. Msesewa hakuwa nao, na kwa kuwa alichohitaji ni uchungu tu, akasaga vidonge vya klorokwini. Akaonja, akatema, akaona inatosha kwa mtu aliyekufa. Katika hadithi hii yote hakuna kinachonitia kichefuchefu kama hicho. Mwanamke aliyepika maisha yake yote kwa ulimi wake, na huyu anampelekea dawa ya malaria kwenye kata.

Jumatano ghala lilijaa hadi ukutani. Aminieli na Martha walifika wakihema, wakasimama nyuma. Martha alikuwa ameacha chungu jikoni, amekuja kumzuia, lakini ungeanzia wapi kuupita umati ule? Faustin alisimama mbele, isale mkono mmoja, kata mkono wa pili, kipaza sauti kwapani. Hakupiga goti. Akawakonyeza watu wa benchi la mbele, akainamisha kata juu ya kigoda.

Kile kinywaji hakikufika chini. Kiliisha hewani, polepole, kwa sauti ya mtu anayeonja.

 Kisha sauti ya kutema, na shati la Faustin likalowa kifuani.

Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa, kila mtu aliiona swichi. Kikasema, kwa Kichagga cha Old Moshi, sauti ya bibi asiye na haraka: "Nani kapika hii?"

Martha alishika mkono wa Aminieli. "Mama," alinong'ona.

"Nimeitwa sokoni. Nimeitwa stendi. Nimekuja nimekaa, kazi yangu wakaikimbia, na sasa napewa hii." Ikapita pumzi. "Wewe mwenye mdomo. Unapenda kuita. Basi ita."

Faustin alifungua kinywa, naamini kwa mara ya kwanza maishani alitaka kusema samahani, na kikamtoka kitu kingine, kwa sauti ile ile ya matangazo, ya furaha, ya kuvuta watu: "Mzee Emilian, aliyezama mto Karanga! Atakuwepo mwenyewe!" na benchi la tatu likalia kwa uzito wa mtu aliyekaa, na maji yakaanza kutiririka chini yake, "Ebenezeri, aliyeangukiwa na mti! Atakuwepo mwenyewe!" na mwanamke mmoja akapiga yowe kwa sababu huyo alikuwa mumewe na bega lililogusana na lake lilikuwa limevunjika, "Mtoto Digna, wa siku tisa! Atakuwepo mwenyewe!" na kilio chembamba kikaanza mahali fulani kati ya miguu ya watu, na Faustin alikuwa analia, machozi yanamshuka, anajiziba kinywa kwa mikono miwili na majina yanapenya kati ya vidole, na walio hai wanakanyagana mlangoni, na ghala haliwi tupu, mabenchi yanaendelea kulia moja baada ya jingine hadi la mwisho.

Aminieli alipita katikati ya watazamaji wale bila kutazama kulia wala kushoto. Akachukua reli zake. Martha akabeba kigoda, akikisemesha kwa upole kama mtu anayemwongoza mgonjwa, hadi nyumbani.

Mbege ya Martha ilikuwa tayari siku ya saba. Kata ya kwanza ikamwagwa kaburini, Aminieli akapiga goti na isale, akaomba radhi kwa ajili yake na kwa ajili ya mjinga yule. Kisha mchana ule ule wakaziba madirisha ya nyumba ya bibi kwa blanketi, wakaiwasha projekta. Walikuwa majirani kumi na mmoja. Waliitazama hadi mwisho. Ilipoisha mzee mmoja akafuta macho akasema, "Msesewa alikuwa anautia namna ile. Kumbe." Kigoda kilikuwa kikavu, na kikabaki kikavu.

Baada ya hapo watu walianza kuja wenyewe, wawili, watatu, bila kutangaziwa. Mwaka mzima walikuja.

Faustin hakuponywa. Hospitali hawakuona ugonjwa kooni. Alikuwa mzima, ila kila alipofungua kinywa hata kuomba chumvi, lilitoka jina la marehemu wa yule aliyesimama mbele yake, na jioni hiyo nyumbani kwa mtu huyo kitanda kilikaliwa. Pasua ikajifunza. Akipita, maduka yanafungwa, mama wanaingiza watoto. Mtu aliyejisifu kwamba anaweza kujaza jangwa sasa alikuwa anafukuza mtaa mzima kwa kukohoa. Nisingesema nilimhurumia.

Alhamisi moja alipanda Old Moshi kwa miguu. Amekonda, bugaluu imechanika, mkononi ana isale. Akapiga goti getini kwa Martha, kwenye vumbi, bila mtu wa kumtazama isipokuwa Martha na Aminieli waliokuwa wanaanika kahawa. Akalinyoosha jani kwa mikono miwili, midomo kaibana.

Martha alimtazama muda mrefu. Isale halikataliwi. Akalipokea.

"Haya, sema," akamwambia. "Neno moja tu linatosha. Mama anasikia."

Faustin akatikisa kichwa. Akajikaza, mishipa ikamtoka shingoni, na kwa kweli alijitahidi, kisha kinywa kikafunguka.

"Martha Ndelilio, wa Old Moshi! Jumamosi, saa tisa! Atakuwepo mwenyewe!"

Hadi siku ile alikuwa hajawahi kutaja jina la aliye hai. Alianguka kifudifudi akilia. Aminieli aligeuka kutazama ndani, na kupitia mlango uliokuwa wazi akakiona kigoda ukutani, kinang'aa, kinadondosha matone sakafuni.

Martha naye alikiona. Akajipangusa mikono kwenye kanga, akahesabu kwa vidole.

"Leo Alhamisi," akasema. "Mbege ya siku saba haitawahi."