Maziwa ya Vifaranga

Kila asubuhi kabla ya shule, Apiyo alimsaidia mama yake, Benta, kuchuma kahawa katika shamba moja la Ruiru. Mwaka huo wa 1958, Mwalimu Waweru aliwapa darasa lao kazi: walinganishe jinsi tumbili na shore, yule ndege mdogo aimbaye alfajiri, wanavyolea watoto wao.

“Msiniletee hadithi,” alionya. “Andikeni mliyoyaona kwa macho yenu.”

Tumbili Apiyo alimjua. Mzee Barasa, mlinzi wa shamba, alimlea mmoja aliyefiwa na mama kwa maziwa ya ng'ombe, na sasa alikuwa mtundu wa kuiba hata kofia ya mzee.

Shore je? Apiyo aliona kiota katika mti wa kahawa, ndani mna vifaranga watatu, midomo wazi. Akadhani wametupwa. Kumbe mama yao yupo karibu, anawaogopa wachumaji tu! Apiyo alikibeba kiota nyumbani, akawanywesha maziwa kwa ncha ya kitambaa, kama alivyofanya Mzee Barasa. Aliwapenda jamani, hata majina akawapa. Siku ya pili jioni wote walikuwa wamekufa.

Alilia mpaka kichwa kikamwuma. Kisha, kwa aibu, akaandika daftarini: “Vifaranga walikua, wakaruka.”

“Hongera, Apiyo!” Mwalimu alimsifu mbele ya wenzake. “Waliruka lini?”

Apiyo alilifunga daftari. “Hawakuruka, Mwalimu. Niliwaua mimi. Niliwapa maziwa kama mtoto wa tumbili.” Akaangua kilio. “Na mama yao bado anakuja na mdudu mdomoni. Anazunguka pale pale kwenye mti wa kahawa, anawatafuta.”

Mwalimu Waweru alimpa leso yake.

“Tumbili hunyonyesha, mwanangu. Ndege hana maziwa. Ungeniuliza, ningekuambia. Wale hawatarudi, na sitakudanganya. Lakini futa ule uongo, uandike yaliyotokea, kisha uwasomee wenzako.”

Apiyo aliandika huku machozi yakilowesha karatasi. Aliposoma, hakuna aliyecheka. Nyuma kabisa, Githinji aliinua mkono.

“Mwalimu, naomba ruhusa. Leo asubuhi nimechukua kiota chenye vifaranga. Kiko nyumbani, kwenye mkebe.”

“Kimbia ukirudishe pale pale ulipokitoa!” alisema Mwalimu. Kisha akamgeukia Apiyo. “Umeona? Ungeendelea kuficha, na hao wangekufa.”