Simama Huku Nyuma, Shiundu

Saa sita mchana soko la Makina lilijaa watu hadi pa kukanyaga hapakuwepo, na Shiundu alikuwa amesimama nje ya duka la vifaa kuukuu akijaribu amplifaya. Alikuwa fundi wa samani kutoka Kawangware, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi kana kwamba anakwenda kuposa. Akagusa nyuzi za gitaa lake la umeme. Mama aliyekuwa akipima dagaa wa omena aliziba masikio.

"Wewe! Hiyo ni gitaa ama unakata mabati na grinder?"

Aliyesema hivyo ni Amondi, binti wa mtaa wa Raila aliyetengeneza redio na spika katika kibanda cha jirani. Alikuwa ndani ya ovaroli ya bluu, herini kubwa masikioni, kucha zimepakwa rangi nyekundu. Shiundu alimtazama akasahau alichokuja kununua.

"Basi nisaidie, mrembo."

"Mrembo ni nani? Naitwa Amondi. Leta hiyo kitu."

Alizungusha vitufe bila haraka. Akaondoa mwangwi wote, akashusha treble, ile sauti nyembamba inayochoma.

"Hiyo si benga unapiga? Benga inataka kila uzi usikike. Piga sasa."

Shiundu akapiga. Lo! Sauti ilitoka safi, tamu, na mama wa omena akaanza kutikisa mabega. Amondi alichomoa chupa ya rangi ya kucha, akatia nukta nyekundu kando ya kila kitufe.

"Usiguze hapo. Hata ukiota."

"Na namba yako, naruhusiwa kuguza?"

"Hiyo guza polepole," Amondi akacheka, akamtajia.

Wiki tatu zilizofuata simu hazikupoa.

"Umekula, babe?"

"Nimekula. Umefanya mazoezi?"

"Nimefanya nikikufikiria."

"Ndiyo maana unakosea!"

Kulikuwa na sababu ya mazoezi hayo. Jumapili saa nane, katika ukumbi mmoja wa Kawangware, Jeconia angechagua mpiga solo wa bendi yake ya benga. Shiundu aliitamani nafasi hiyo tangu alipomaliza shule, na alijua akiikosa atarudi kupiga randa na kujuta. Amondi alimwambia atangulie, yeye atafika akimaliza kazi ya mteja.

Siku ikafika. Shiundu aliweka amplifaya sakafuni, nyuma ya miguu yake. Ngoma zikaanza, besi ikanguruma, na gitaa lake akalisikia kwa mbali, limefifia. Akaingiwa na hofu. Akainama, akaongeza treble hadi mwisho.

Jeconia, aliyeketi mbele, alikunja uso akainua mkono.

"Simamisha! Kijana, unatutoboa masikio. Nakupa dakika ishirini, halafu namwita Elvis."

Elvis alikuwa mlangoni na gitaa lake, anatabasamu. Shiundu akatoka kwa hasira kwa mlango wa nyuma, akapiga simu.

"Amondi, umeniangusha! Hiyo setting yako ni bure."

"Umeguza?"

"Nimeongeza tu treble, sikuwa najisikia! Na huyu Elvis si mtu wa kwenu Raila? Ama mlipanga?"

"Shiundu. Rudia hivyo."

Akarudia, mjinga yule. Simu ikakatwa.

Asichojua ni kwamba Amondi alikuwa ameshafika Kawangware, hatua chache kutoka ukumbini, ndani ya gauni jekundu alilolishona kwa ajili ya siku hiyo. Machozi yalimlenga. Aligeuka aende zake, na hapo Shiundu, aliyekuwa amerudi ndani, akapiga tena; gitaa likasikika kupitia dirishani, kali vilevile. Sikio la fundi lilikataa. Aliingia moja kwa moja hadi jukwaani.

"Sijakuja juu yako. Nimekuja juu ya hiyo sauti. Nipe gitaa, na wewe simama huku nyuma."

Shiundu alitii, akaenda hadi ukutani mwisho wa ukumbi. Amondi akakwaruza nyuzi mara moja, na Shiundu akaruka.

"Mungu wangu! Hii ndiyo wamekuwa wakisikia?"

"Spika inaongea na visigino vyako, na visigino havina masikio. Wewe unaongeza, wao wanaumia."

Akarudisha vitufe kwenye nukta, akaiinua amplifaya juu ya kreti mbili za soda na kuilaza kidogo, spika ikamwelekea mpigaji usoni.

"Amondi, nisamehe."

"Piga kwanza."

Shiundu akapiga, na safari hii alijisikia. Vidole vikakimbia, besi ikamfuata, moyo ukamdunda kwa furaha. Jeconia alishindwa kuketi. Alicheza hadi katikati ya ukumbi, kofia mkononi.

"Huyu ni wangu! Nimemaliza kutafuta!"

Hata Elvis alipiga makofi. Shiundu alisogea kwenye maikrofoni, jasho likimtiririka. Amondi alikuwa ameshajitenga kule ukutani, mikono kifuani, bado amenuna.

"Elvis, nilikushuku bure, pole. Amondi, nimekukosea, na moyo wangu unajua. December nataka twende kwetu Butere, mama akuone."

"Amwone kama nani?" Jeconia akachokoza.

"Kama mke wangu. Akikubali."

Amondi akainua kidevu.

"Huku nyuma hatusikii!"

Shiundu akaiacha maikrofoni, akajaza kifua, akapaza sauti yake mwenyewe: "Amondi, nioe... ai, nikuoe!"

Watu wakaangua kicheko na vigelegele, na Amondi akaja mbio, gauni kalishika mkononi. Alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza. Alitaka tu kusikia tena kabla ya kusema ndiyo.