Jina Chini ya Kioo

Hebu niambie wewe unayesikiliza: maji yaliyoosha maandishi yakitoka meupe kama yalivyoingia, yale maandishi yamekwenda wapi?

Lubna hakujiuliza. Alikuwa na digrii ya ukutubi, second class upper, aliyoitunza kama kanzu ya Idi isiyofika. Basi mradi mmoja wa Nairobi ulipokuja Mkomani, Lamu, kutafuta mtu wa kusoma vitabu vya kale kwenye skrini na kuandika maelezo pembeni, alikubali kabla ya kuuliza mkataba. Mkataba haukuja. Iliyokuja ni sauti ya Murithi, msimamizi, kwenye simu: "Chagua tablet mwenyewe, sista. Si wewe ndiye mtaalamu?"

Akachagulia ndani, chumba cha mwisho kabisa cha nyumba yao ya mawe, ambako dadake Shifaa alikuwa amelala na mwanawe wa kwanza. Shifaa alikuwa katika arobaini, na mzazi wa arobaini haachwi peke yake hata kwa muda wa kuchemka chai, majini wasije wakamshika. Zamu ya mchana ilikuwa ya Lubna.

"Wewe wachagua tablet au wachagua mume?" Shifaa alimuuliza.

"Mume haji na specifications."

"Ndiyo maana mimi nikapata huyu wa kwangu." Wakacheka kwa pua, wasimwamshe mtoto.

Lubna akamweleza. Ya inchi kumi ni nyepesi, lakini kitabu cha kale kina maelezo pembezoni, madogo kama miguu ya sisimizi. Ukikibana humo unasoma uchafu. Basi kubwa, ya kumi na tatu. Yenye taa? La, simu imeshamuunguza macho ya kutosha. Kalamu iwe ile isiyotaka chaji. "Na hii ndiyo inanimaliza kabisa," alisema. "Wino wake ukikaa umekaa. Izime, chaji iishe, ukurasa unabaki vilevile. Hautoki mpaka uufute kwa mkono wako."

"Hata stima ikipotea?"

"Hata Lamu nzima ikizimika."

"Chukua hiyo," Shifaa alisema, akimpapasa mtoto mgongo.

Ujumbe uliingia adhuhuri moja: mzigo umevuka kutoka Mokowe, uko jeti. Mama yao alikuwa Wiyoni kwenye hitima. Shifaa amelala, mtoto amelala. Lubna akasimama mlangoni akipima. Mambo ya majini, please, mtu ana degree. Ni kwenda na kurudi tu. Akajitanda buibui, akatoka.

Aliporudi, boksi kwapani, alipokewa na harufu ya tope la mikoko maji yakiwa yamekupwa. Harufu hiyo ina mahali pake, na mahali pake si chumbani. Shifaa alikuwa amekaa kitandani, mgongo wima, akitazama ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu kuelekea boriti za dari. Pale kitandani pa mtoto ni patupu. Katika kidaka cha safu ya tatu, juu kuliko mkono wa mtu yeyote wa nyumba ile, mtoto alikuwa amelazwa, amefungwa vizuri, amelala usingizi wa amani.

"Shifaa, nani kamweka kule?"

"Amesema huko juu ndiko anakopumua vizuri," Shifaa alijibu taratibu.

Lubna hakuuliza ni nani aliyesema. Alipanda juu ya kasha akamshusha mtoto, kisha akakimbia kumwita Babu.

Babu yao, Mwalimu Badawi, aliwaandikia watu kombe tangu ujana wake. Kwa mkono wake yeye, jina la aliyemshika mtu huandikwa katikati ya sahani, aya zikalizunguka, kisha sahani huoshwa kwa marashi na mgonjwa akanywa yale maji. Jina likifutika sahanini, mwenye jina hufutika mwilini. Alimsomea Shifaa mpaka yule aliyekuwamo akataja jina lake, kwa kinywa cha Shifaa lakini kwa sauti iliyotoka mbali, kama mtu aongeaye kutoka kisimani. Halafu Babu akashika kalamu ya mwanzi. Akaisogeza sahani karibu na macho. Herufi zikapandana. Akafuta, akaandika, zikapandana tena.

"Mato yangu, mwanangu," alinong'ona. "Na jina likiharibika ni bora lisiandikwe."

Lubna alitazama boksi. "Babu, iko hii. Kubwa kuliko sahani. Waandika, mimi nazikuza herufi mpaka uzione."

Babu alikipapasa kioo. "Kama ubao wa chuoni. Yaoshwa?"

"Haiogopi maji."

Akaandika kwa ile kalamu isiyotaka chaji, na safari hii jina lilisimama jeusi, zuri, aya zimelizunguka kama ukuta. Lubna akamimina marashi juu ya kioo, yakachuruzika bakulini.

"Mai yameshika rangi?" Babu aliuliza.

Yalikuwa meupe. Meno ya Shifaa yalikuwa yakigongana, mama yao alikuwa amesharudi na analia, na Lubna alitaka jambo lile liishe, watu walale.

"Yameshika, Babu."

Shifaa akanywa.

Akalala vizuri, akaamka anacheka, akala, na nyumba ikashukuru Mungu mapema mno. Kwa maana baada ya hapo, kila alasiri mji ukinyamaza, ulisikika mkwaruzo wa kalamu ya mwanzi juu ya kioo, hali kalamu yenyewe imo mfukoni mwa Babu, na harufu ya tope ikaanza kutoka kwenye maziwa ya Shifaa, na mtoto akawa halii tena, anatazama juu tu, na mtu akigeuza uso mara moja, kuchukua kikombe, kupiga chafya, akirudisha macho pale pa mtoto ni patupu na mtoto yu kwenye kidaka cha safu inayofuata, karibu zaidi na boriti, na Shifaa anatabasamu kwa tabasamu ambalo hakuzaliwa nalo.

Ndipo Lubna alipopiga magoti. "Babu, yale maji yalikuwa meupe. Wino uko chini ya kioo. Haukuguswa."

Mzee akapitisha kidole juu ya kioo kikavu. "Basi alikunywa marashi matupu," alisema. "Lifute."

Lubna aliigusa tablet kwa kalamu yake. Haikukubali. Chini ya jina palikuwa na mstari mmoja: Kifaa kimefungwa. Wasiliana na msimamizi.

"Aah, Lubna!" Murithi aliitika. "Project iliclose. Funding. Kwani hukupata email? Vifaa vyote tumevilock."

"Nifungulie nifute ukurasa mmoja tu."

"System haifungui moja moja. Itume Nairobi, itakaa store."

"Murithi, dada yangu anakwenda."

"Pole sana. Iandike kwa email, nitaforward."

Chaji iliisha. Jina likabaki pale pale, jeusi, bila hata tone la umeme, kama Lubna alivyolipenda tangu mwanzo. Akanyanyua mchi aivunje. Babu akamshika mkono.

"Sahani huvunjwa ikishaoshwa. Ukivunja jina lingaliko, humfuti. Wamgawanya, kila mtu na kipande chake. Na humu ndani tu wangapi?"

Sasa mtoto hupatikana safu ya juu kabisa; juu yake hakuna tena kidaka, ziko boriti na giza la katikati yake. Arobaini inakwisha Ijumaa. Siku hiyo mlango hufunguliwa, mzazi akatoka, mji mzima ukamshika mkono, na chochote kitakachokuwa ndani yake kitatoka naye.

Basi nyinyi mliokaa kwenye viti vya kuzunguka huko Nairobi, mnaojua kufunga kitu kwa kidole kimoja kutoka mbali: mshahara wa Lubna kaeni nao. Mkataba usiokuja, uchomeni. Email mmeshaletewa, na picha ya mtoto yule ukutani mmeiona. Fungueni ile tablet. Fungueni ukurasa mmoja tu, leo, kabla hatujaufungua mlango Ijumaa.