Gramafoni ya Papa Grégoire

Micheline alishuka soko la Nyawera na gramafoni ya baba yake mikononi, imefungwa ndani ya kitenge, akakuta kibanda cha fundi wa saa kimefungwa. Mama muuza ndizi wa jirani alimwambia fundi alishahama na watu wake wote, hakuaga mtu. Tangu wenye bunduki walipoingia mjini, vibanda vingi vya soko vilifungwa namna hiyo.

Alikuwa akigeuka arudi nyumbani Bagira pale gurudumu la lori lilipopasuka kama risasi. Soko zima likalala chini. Nyanya zilibingirika kwenye matope, mtu akampiga Micheline kikumbo, gramafoni ikamponyoka. Haikufika chini. Kijana mrefu mwenye miwani, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi kwenye kola, aliidaka kwa mikono miwili na kubaki amepiga goti, ameikumbatia.

"Ni pneu ya lori tu," alisema. "Pumua, dada."

"Mbona weye hukulala kama bengine?"

"Ningelala na hii mukononi? Ingenivunja mbavu."

Micheline alicheka, akashangaa kusikia kicheko chake mwenyewe, maana hakuwa amecheka siku nyingi. Kijana alizungusha mpini wa pembeni kidogo tu, akaweka sikio kwenye mbao. Uso wake ukabadilika.

"Ndani kuna kitu inagonga."

"Njo maana nilikuwa naipeleka kwa fundi. Kwetu hatulali tena vizuri sababu yake."

Jina lake lilikuwa Blanchard. Kabla ya vita kufika alikuwa akitunza mitambo ya redio moja ya mjini, na redio hiyo sasa ilikuwa kimya. Micheline alipouliza kwa nini, alifuta miwani yake kwa pindo la shati na kusema, "Tuseme imechoka." Kisha akambebea gramafoni hadi kwenye basi la Bagira, akapanda naye.

Papa Grégoire, baba yake Micheline, aliwapokea akiwa na koti lake la Misa, ingawa haikuwa Jumapili. Mashine ile aliirithi kwa baba yake, na kwa mashine ile yeye na marehemu mkewe walicheza rumba siku ya arusi yao. Tangu mama alipofariki, kila Jumapili mzee aliweka santuri ileile. Lakini sasa, kila wimbo ulipofika katikati, kishindo kilitoka ndani ya sanduku, kizito, kama ngumi kwenye mlango wa bati. Na siku hizi Bagira hakuna aliyependa kusikia ngumi kwenye mlango wa bati. Vijana wa mtaa walikuwa wanachukuliwa namna hiyo. Jirani mmoja aliruka ukuta Jumapili iliyopita kwa sababu ya santuri ya Papa Grégoire, akavunjika mguu.

"Majirani bananiomba niache kupiga," mzee alisema. "Lakini nikiacha, itakuwa marehemu amekufa mara ya pili."

Blanchard alivua saa yake, akakunja mikono ya shati, akafungua mashine mezani. Hakuharakisha. Aliiacha izunguke bila santuri, akasikiliza. Akaipunguza mwendo, akasikiliza tena. Micheline alimshikia taa ya simu, bega lake karibu na lake, akisikia harufu ya sabuni na chuma.

"Papa, iko na ugonjwa mbili," alisema mwishowe. "Hii ngumi inatoka mu hii kopo. Ndani yake kuna ressort, springi ya chuma, imejikunja kama nyoka. Grisi ya zamani imekauka, imekuwa kama gundi. Mikunjo inashikana, halafu inaachana kwa nguvu. Njo munasikia: bum."

"Na ya pili?"

"Sikiliza. Chini ya ile kuna nyingine, ndogo. Trrr, trrr." Alionyesha vyuma vitatu vidogo vilivyozunguka karibu na mhimili. "Hivi njo vinazuia santuri isikimbie. Kila moja inashikwa na kibati ya ressort nyembamba. Moja imepasuka. Nitachonga ingine."

"Mufanye hapa," Papa Grégoire alisema.

"Hapana, Papa. Ressort kubwa ikitoka yenyewe inaweza kukata vidole. Nitaifungua kwangu, Kadutu, mahali niko na étau, jiliwa ya kuibana."

Mzee alisita, kisha akakubali. Blanchard aliondoka na moyo wa mashine kwenye mfuko, na sanduku tupu likabaki sebuleni.

Jioni hiyohiyo simu ya Micheline iliita.

"Mugonjwa anaendelea aje?" Micheline aliuliza.

"Nimemuosha na essence ya gari. Anakusalimia."

"Na daktari?"

"Daktari anauliza kama kesho utakuwa umevaa tena ile robe ya kijani."

"Ile nafua, Blanchard. Kesho utaniona na kikwembe cha jikoni."

"Basi daktari atakuja kuona kikwembe."

Wakawa hivyo. Wakati mwingine walikutana mbele ya kanisa, wakatembea polepole ziwa likiwa chini yao, rangi ya risasi. Blanchard alimwita "chérie" kwa sauti ndogo, kana kwamba neno hilo nalo lingeweza kuchukuliwa. Lakini Micheline aliona mengine. Namba ya simu yake ilibadilika, ikabadilika tena. Njiani hakutembea upande wa magari. Na gari la wenye bunduki lilipopita, alimshika mkono na kugeukia ukuta kama mwanamume anayembembeleza mpenzi wake.

"Unaogopa nini?" alimuuliza.

"Mambo ya kila mutu," alijibu.

Halafu akatoweka. Simu haikupatikana. Papa Grégoire aliulizia mashine yake Jumapili, akaulizia tena Jumapili iliyofuata, akaacha kuuliza. Aurore, jirani yao msusi, ndiye aliyeleta habari.

"Miye siko mutu ya maneno mingi," alisema, akivuta kiti. "Lakini yule wako nimemuona kule mutaa ya Essence, pa pikipiki za safari. Na mwanamuke. Ule mwanamuke alikuwa amelala ku bega yake, analia, na yule wako anamubebea valise."

"Uliona vizuri?"

"Ma chérie, na ile miwani?"

Micheline hakulia mbele ya Aurore. Aliingia jikoni, akaosha sufuria zilizokuwa safi. Simu ilipoita kwa namba ngeni na sauti ya Blanchard ikasema "Micheline," ilimkuta bado yuko palepale.

"Yule mwanamuke ni nani?"

"Mambo ile siwezi kuisema ku telefone."

"Basi usiseme. Rudisha mashine ya papa. Sura yako, ubakie nayo."

"Micheline, nisikilize..."

Alikata. Baadaye alijaribu kuipiga namba ile, ikawa imeshakufa.

Blanchard alikuja Jumamosi adhuhuri, bila kupiga simu, amevaa koti la mtu mwingine, amevua miwani, amebeba kikapu cha sombe. Mashine ilikuwa chini ya majani. Micheline alisimama mlangoni hakumpisha.

"Ule mwanamuke ni Adèle," Blanchard alisema. "Dada yangu, tumbo moja. Nilimupeleka Kamituga, kwa tonton wetu, ndugu ya mama."

"Na kwa nini analia?"

Blanchard alitazama nyuma yake kabla ya kujibu. "Siku wenye bunduki walipoingia, nilitoa kipande moja mu émetteur, ile mashine ya kurusha sauti ya redio, nikakitupa mu ziwa. Bila kile, haisemi. Sasa banataka iseme maneno yao, na bamejua ni miye najua kuitengeneza. Bamekwenda kwa Adèle kunitafuta. Bamepiga bwana yake mpaka akafa."

Micheline alitoka mlangoni. Alimshika usoni kwa mikono yote miwili, mikono yenye unga.

"Na umerudi? Juu ya gramafoni?"

"Nilikuwa nimeahidi mzee. Na ulinikatia simu."

Alifanya kazi dirisha limefungwa. Grisi mpya, nyeusi na laini, ilikuwa tayari ndani ya kopo. Kile kibati kidogo alikuwa amekichonga kutoka kwenye utepe wa chuma wa saa ya ukutani. Aliweka tone la mafuta huku, akalegeza skrubu kule, akasikiliza, akakaza tena kidogo sana. Mkononi alikuwa na jeraha jipya lililoshonwa vibaya. Micheline hakuuliza kama ni ressort au ni kitu kingine.

Papa Grégoire aliweka santuri yeye mwenyewe. Sauti ilitoka yenye mikwaruzo, lakini chini yake hapakuwa na kitu: si ngumi, si mtetemo. Rumba ilikwenda hadi mwisho. Mzee aliirudisha santuri kwenye karatasi yake.

"Asante, mwana," alisema. "Sasa bakigonga mulango, nitajua ni bao benyewe, si mashine."

Blanchard alilala sebuleni; kesho yake ilibidi atoke mjini.

Asubuhi, watu wakienda Misa ya kwanza, Micheline alivaa kikwembe na kufunga kitambaa kichwani, akachukua kikapu, akamshika Blanchard mkono. Mwanamume anayetembea peke yake huulizwa zaidi. Walipita Essence, wakashuka upande wa Panzi hadi kwenye kizuizi cha mwisho, mahali wenye bunduki walipokaa chini ya hema la plastiki. Mmoja wao, kijana mwenye kofia ya sufu, alinyoosha mguu kuwazuia.

"Huyu ni nani yako?"

"Bwana yangu," Micheline alisema.

"Mbona hana pete?"

"Mununulie weye."

Wenzake wakacheka. Kijana hakucheka, lakini aliondoa mguu.

Walitembea bila kugeuka hadi kwenye kona, mahali pikipiki za kwenda Walungu zilipokuwa zinanguruma. Hapo Blanchard alisimama karibu na mti wa umeme.

"Umeniita bwana mbele ya bunduki," alisema.

"Nimesema. Sasa utajua namna ya kuja kwa papa na mahari."

"Twende pamoja. Leo."

"Na mzee nimuachie nani?"

Blanchard alimvuta kifuani, wakasimama hivyo hadi mwenye pikipiki alipopiga honi.

"Njia ikifunguka nitakuja," alisema. "Nikiwa hai, nitakuja."

"Usiseme ile ya pili."

Micheline alimwangalia akipotea kwenye vumbi la mlima, koti la mtu mwingine likipepea mgongoni. Kisha akageuka. Njia ya nyumbani ilikuwa moja tu. Yule kijana wa kofia alikuwa bado palepale, na safari hii alisimama.

"Mama," alisema polepole. "Na bwana yako?"

Micheline alimtazama machoni, kikapu tupu mkononi.

"Yuko anakuja nyuma yangu," alisema, akaendelea kutembea.